Mteja Anapouliza "Uko Wapi?"



Nimemaliza masomo ya falsafa, na sasa niko mwaka wa kichungaji huku nyanda za juu za Kigoma, nazunguka kati ya Kasulu na Kibondo. Vijana wengi ninaokutana nao kwenye VIWAWA na kwaya wana biashara, ila ukiwauliza ofisi iko wapi wanakuonyesha simu. Mmoja anakusanya maharage kwa wakulima wa vijiji vya Kasulu, anapiga picha, anaweka stetasi, na mteja yuko Mwanza. Mwingine anachukua asali kwa wafuga nyuki wa Kibondo, anajaza kwenye madumu, anawahi stendi alfajiri, anamkabidhi konda, kisha anamtumia mteja picha ya risiti ya mzigo na namba ya basi. Hela inaingia kwa simu. Mnunuzi na muuzaji hawajawahi kuonana, na pengine hawataonana kamwe.

Wazee hawaielewi sana hali hii. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwanawe baada ya sala ya jumuiya: "Biashara gani hiyo haina hata mlango? Huo si utapeli?" Kijana akacheka tu. Mimi sikucheka. Naona yule mama aliuliza swali zito kuliko alivyodhani. Hebu tulichukue kama lilivyo: ukiondoa mlango kwenye biashara, unaondoa nini hasa?

Kukosa ofisi si dhambi

Nianze kwa kumtetea kijana. Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema. Matendo ya Mitume sura ya 18 inasimulia alivyofika Korintho akakaa kwa Akila na Prisila, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, wakafanya kazi pamoja. Naye anawakumbusha Wathesalonike kwamba alipokuwa kwao alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Mtu wa kuhama mji hadi mji namna ile hawezi kuwa na ofisi ya kudumu. Alikuwa na mikono, na ujuzi wake.

Hata huku kwetu jambo hili si geni. Kabla ya ukoloni watu walikuwa wakitembea kwa miguu kufuata chumvi ya Uvinza, wanarudi nayo na kubadilishana na wengine. Hawakuwa na fremu. Na Desemba 2018 Rais Magufuli alipozindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, machinga asiye na pa kudumu naye alitambuliwa kuwa mfanyabiashara.

Kanisa nalo halijawahi kupima kazi kwa jengo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, anafundisha kuwa heshima ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Kwa hiyo kijana anayeuza asali kwa simu asijione nusu mfanyabiashara. Lakini kama heshima ya kazi imo ndani ya mtu, basi mzigo wa kazi nao umo ndani ya mtu. Hapo ndipo swali la yule mama linaporudi.

Mlango ulikuwa na kazi gani?

Duka la pale sokoni Kasulu linafanya mambo mawili hata kama mwenye duka si mtakatifu. La kwanza, mteja anaiona mali. Anatia mkono kwenye gunia, anachambua kiganjani, anaona kama maharage yamebunguliwa, anaangalia debe likijazwa. La pili, mteja anamwona mwenye mali. Mambo yakiharibika, kesho anarudi palepale, anasimama mlangoni, anapaza sauti, na majirani wanasikia. Mwenye duka anakuwa mwaminifu kidogo kwa ajili ya Mungu na kidogo kwa ajili ya majirani.

Simu imeyaondoa yote mawili.

Farasi wa Mtakatifu Thomas

Tuanze na mali. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya anachokiuza. Jibu lake ni la mtu aliyewahi kuona soko. Kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima itajwe. Kasoro iliyo wazi, kwa mfano farasi mwenye jicho moja, si lazima itajwe, ilimradi bei imepunguzwa inavyostahili. Mnunuzi si ana macho?

Sasa huyo farasi muuze kwa WhatsApp. Unampiga picha ya ubavuni, upande wa jicho zima. Hujatamka uongo hata mmoja. Picha ni ya kweli, farasi ni wa kweli, bei ni ya kweli. Mteja anatuma hela, na siku farasi anapofika ndipo anapouona upande wa pili.

Hoja yangu ni hii: kwenye biashara ya simu hakuna kasoro iliyo wazi. Kila kasoro imefichika mpaka wewe useme. Ule unafuu ambao Thomas anampa mwenye duka, sisi hatunao. Mwenye fremu anaweza kukaa kimya na gunia likamsemea. Wewe usipozungumza, hakuna atakayezungumza. Kwa hiyo muuzaji wa simu anadaiwa ukweli mwingi kuliko muuzaji wa dukani, na hawezi kusema "mbona hukuuliza?" Angeulizaje kitu asichokiona?

Kwa vitendo: kama umechanganya maharage ya msimu uliopita na mapya, sema. Kama asali imeganda, sema mapema, na umweleze kuwa asali halisi nayo huganda, asidhani imechakachuliwa kwa sukari. Kama dumu halijajaa hadi shingoni, piga picha ya shingo.

Pete ya Gige

Tuje kwa mwenye mali. Plato, katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, anamweka Glaukoni asimulie kisa cha mchungaji wa mifugo aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Mara akaanza kutenda mabaya ambayo asingethubutu akiwa anaonekana, hadi akamwua mfalme na kutwaa ufalme. Glaukoni anataka kujua: yupo mtu ambaye angeivaa pete hiyo na bado akabaki mwenye haki?

Ndugu yangu, pete hiyo siku hizi inauzwa kama laini ya simu. Ni kweli, tangu mwaka 2020 laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole, na ukituma hela jina la mpokeaji linatokea. Lakini nani kati yetu hajapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi kijijini inatosha kuwa pete. Hata asiye tapeli anaijua njia fupi: mteja akilalamika, hupokei. Akizidi, unamfungia namba. Kesho stetasi inaendelea kama kawaida.

Na pete hii wanaivaa wanunuzi pia. Wapo wanaotuma ujumbe wa muamala wa kughushi, na wapo wanaopokea mzigo kisha wakasema haukufika. Anayeagiza kwa simu naye hana mlango wa kugongwa, na anadaiwa haki ileile.

Dumu lililovuja

Dada mmoja wa parokia tunayohudumu alituma dumu la lita 20 za asali kwenda Mwanza. Mteja alikuwa ameshalipa yote. Njiani mfuniko ukalegea, karibu nusu ikamwagika kwenye buti ya basi. Konda akasema mzigo haukufungwa vizuri. Mteja akapiga simu akilalamika. Mtaji wa yule dada ulikuwa mkopo wa VICOBA, na marejesho yalikuwa wiki inayofuata.

Akaniambia, "Frateri, mimi mzigo nimetuma, risiti ninayo. Na yule mama hanijui, hana pa kunipata."

Sikuwa na jibu la haraka. Hela aliyokuwa anaizungumzia ilikuwa chakula cha nyumbani kwao. Nikamwuliza kitu kimoja tu: "Kama ungekuwa na duka mtaani kwake, akaja amelibeba hilo dumu, ungefanyaje?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Ningemjazia."

Basi jibu alikuwa nalo tayari. Kilichokuwa kimebadilika ni umbali tu, na umbali haupunguzi deni. Walikuwa wamekubaliana kuwa mzigo utamfikia mteja, na haukumfikia wote. Akampigia, akasema ukweli wa hali yake: lita tano kwa basi la wiki ile, tano nyingine mwisho wa mwezi. VICOBA nao akawaeleza mapema kuwa atachelewesha sehemu ya marejesho, akalipa faini. Mteja akakubali, akapokea zote, akashukuru.

Na hakununua tena.

Nakieleza kisa hiki pamoja na mwisho wake kwa makusudi. Kwenye semina nyingi za ujasiriamali tunaambiwa kuwa uaminifu ni mtaji. Mara nyingi ni kweli. Lakini Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa muuza duka asiyempunja hata mtoto mdogo, akauliza: anafanya hivyo kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa inamletea wateja? Kwa nje huwezi kutofautisha. Utajua siku uaminifu utakapomletea hasara. Kama uaminifu ni mtaji tu, siku usipozaa faida utauacha, kama mtu anavyoacha biashara isiyolipa. Yule dada alipoteza asali, faini na mteja. Alichobaki nacho hakiingii kwenye daftari la mauzo, na nikimwuliza leo sidhani kama atakibadilisha na lita kumi.

Swali la Mwanzo

Adamu alipokosa, alijificha katikati ya miti. Swali la kwanza ambalo Mungu alimwuliza, katika Mwanzo sura ya 3, lilikuwa kutaka kujua yuko wapi. Mungu hakuwa amempoteza. Alikuwa anampa nafasi ya kutoka kwenye miti na kusema: niko hapa, nimefanya hivi.

Mteja mwenye malalamiko naye ndivyo anavyoanza: "Uko wapi?" Hatafuti jina la mtaa. Anataka kujua kama yupo mtu atakayeitika. Sasa nadhani naweza kumjibu yule mama wa jumuiya. Mlango wa duka ulikuwa mahali pa kupatikana. Aliyeuondoa ana wajibu wa kuwa mlango yeye mwenyewe.

Wiki hii, kama una biashara ya namna hii, jaribu mambo matatu:

1. Tumia jina lako halisi na namba moja. Wateja wajue wewe ni nani na mzigo unatokea wapi.
2. Kabla ya kupokea hela, taja kasoro moja ya mali yako, na mkubaliane nani atabeba hasara mzigo ukiharibika njiani.
3. Weka saa za kupatikana na uzitangaze. Simu haina saa ya kufunga, na Jumapili ni ya Bwana. Wakati wa Misa izime. Baada ya hapo pokea, hasa ile namba unayoiogopa.

Na tusali: Ee Bwana, unayetuona hata tunapojificha, utupe moyo wa kuitika tunapoitwa na wale tuliowauzia. Ubariki mikono ya wakulima na wafuga nyuki wetu, na uwalinde vijana wanaotafuta riziki mbali na macho ya watu, wasisahau kuwa wako mbele ya macho yako. Amina.

Nikumbukeni katika sala zenu, nami nawakumbuka. Tumsifu Yesu Kristo.