Mwenye Kulingania na Khitilafu ya Nyumbani Kwake

Mwaka 1912 wanazuoni saba wa Oxford walitoa kitabu juu ya dini ya Kinasara, na mmoja wao, Streeter, akaeleza kufufuka kwa Masihi pasina kulazimu kufufuka mwili. Frank Weston, askofu wa Kiingereza wa Unguja, mwenye kanisa la Mkunazini, alighadhibika. Mwaka 1913 akaandika waziwazi kwamba kanisa lake, kwa vile itikadi zake zilivyovurugika, halifai kupeleka wahubiri kwa Waislamu. Na Streeter alipopewa cheo Hereford mwaka 1915, Weston akakata ushirika na askofu wa huko.

Asicheke mtu. Haki isemwe: alijua kwamba mwenye kulingania huulizwa kwanza itikadi ya wenziwe. Na khitilafu ile ilikuwa katika asili ya dini yao. Ama wanaogombana misikitini mwa pwani hii, hata huyu haitikii salamu ya huyu, wanagombania qunuti na maulidi, nayo ni matawi. Imepokewa kwamba Imamu Shafi aliposali Alfajiri karibu na kaburi la Abu Hanifa aliiacha qunuti, kwa adabu yake kwa mwenye kaburi.