Ajira na Ushauri

Mwenye ujuzi aweza kuutumia kwa njia mbili. Aweza kuuingiza katika ajira, akapewa meza, cheo na mshahara wa kila mwezi; au aweza kuuweka katika ushauri, akaitwa na mwenye shida, akatazama, akasema, akalipwa, akaenda zake. Njia zote mbili ni halali, na kila moja ina heshima yake. Walakini mtu aiachapo ya kwanza ili arudi katika ya pili, aghalabu husemwa. Wengine humwita mpumbavu aliyetupa mkate wake. Wengine humwita mwasi aliyewaacha wenziwe kazini. Swali linalostahili kupimwa si kama kitendo hicho kina faida, bali kama kina haki, na haki hiyo humdai nini mwenye kukitenda.

Na uchukuliwe mfano wa mtaalamu wa kompyuta, mwenyeji wa Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru. Hapo kwanza alikuwa mshauri: leo aliitwa na chama cha ushirika kilichotaka hesabu za wanachama wake ziwekwe katika kompyuta, kesho aliitwa na shule au duka la dawa. Kisha akaajiriwa na kampuni kubwa mjini Dar es Salaam. Akapata bima ya matibabu, akiba ya uzeeni, na mshahara usioangalia masika wala kiangazi. Baada ya miaka michache anaandika barua ya kuacha kazi na kurudi Mzinga. Mtu huyu ni wa kubuni, lakini watu wa namna yake wapo. Ni nini kimfanyacho mtu aliyeshiba kuondoka mezani?

Yamkini si fedha. Ni ulimi. Mwajiriwa aonapo kosa hulisema kwa mkuu wake; mkuu hulipunguza ukali kabla ya kulipeleka kwa mkuu mwingine; na likifika juu limekwisha kuwa sifa. Hapana aliyesema uongo, ila kweli imekufa njiani. Mtu aweza kuvumilia kazi nyingi na malipo haba, lakini mwenye ujuzi huona shida kuvumilia kuwa anajua na kujua kwake hakumfai mtu.

Milima inayoitazama Mzinga ina ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na nia hiyo haikuwa mbaya. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, ule wa chini usio na rutuba ukaletwa juu. Mwaka 1955 watu walikataa, fujo zikatokea, na mpango ukaachwa. Afisa aliyetumwa kusimamia matuta aliajiriwa ayatimize. Hakuajiriwa aulize kama yanafaa. Uchunguzi wa Roland Young na Henry Fosbrooke juu ya ardhi na siasa za Waluguru ulitoka katika kitabu mwaka 1960, miaka mitano baada ya fujo. Maarifa yalikuja, ila yalikuja baada ya jembe kutupwa.

Hata hivyo, haifai kudhani kuwa ushauri peke yake ni dawa. Mji wa Morogoro una ushahidi wa upande wa pili. Kiwanda cha viatu kilichojengwa huko kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zake za kuuzwa Ulaya. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini, wala halikuwa na mitambo ya kupitisha hewa, katika nchi ya joto. Hakikupata kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Mradi wa namna hiyo haukosi wataalamu. Lakini mtaalamu wa mbali huandika taarifa yake akaenda zake, na deni hubaki kwa wenyeji. Methali husema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi mshauri naye ana pingu zake. Mwajiriwa humwogopa mkuu mmoja; mshauri humwogopa kila mwenye kazi ya kutoa. Njaa ya mwajiriwa hupumzika mwisho wa mwezi. Njaa ya mshauri huamka kila mkataba unapokwisha. Mwenye kuidhani barua ya kuacha kazi kuwa ndiyo uhuru amebadili bwana tu. Uhuru wa ulimi hautoki katika namna ya mkataba. Hutoka katika uwezo wa kusema hapana na kukubali gharama yake.

Hapo ndipo haki ya kuondoka inapokutana na wajibu wake. Wajibu wa kwanza ni kuondoka vema. Neno mzinga lina maana mbili: silaha ya kurushia makombora, na gogo lililotobolewa wakaamo nyuki. Kwa kuwa Morogoro pana shirika la umma lenye jina hilo, lililoundwa mwaka 1974 chini ya Wizara ya Ulinzi, maana ya kwanza husikika zaidi. Lakini katika jambo hili maana ya pili ndiyo yenye mafunzo. Nyuki wakizidi mzingani, malkia wa zamani huondoka na sehemu yao kutafuta makao mapya. Kabla ya kuruka hushiba asali ya kuwatosha safari. Masega, majana na asali iliyobaki huwaachia watakaoendelea. Vivyo hivyo aondokaye kazini ana haki ya ujuzi ulio kichwani mwake. Siri za mwajiri, makaratasi na wateja si mali yake. Mshahara hununua kazi ya mwezi, haununui maisha ya mtu. Wala barua ya kuacha kazi haifuti amana.

Wajibu wa pili ni kiasi. Mshauri mwenye matumizi makubwa hana ulimi, maana kila hapana humtia katika deni. Anayetaka kusema kweli kwa wateja wake sharti kwanza aipunguze nyumba yake mahitaji.

Wajibu wa tatu ni mkubwa kuliko yote, nao ni kukaa mahali ushauri unapofikia. Mto Mzinga hushuka kutoka Uluguru ukaingia katika Bwawa la Mindu, na mji hutegemea bwawa hilo kwa maji yake. Ukataji wa miti mlimani huwa tope bwawani. Mshauri wa mbali hukaa juu ya mto, akatupa neno lake majini, asijue limemfikia nani. Mshauri aliyerudi kwao hukaa chini ya mto. Hesabu za ushirika zikiharibika kwa ajili ya neno lake, atakutana na wanachama sokoni, na aibu hiyo itamfunza kuliko mkuu yeyote wa kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Naye mshauri asiyekubali jembe ni msemaji tu.

Kwa hiyo mtu asilaumiwe kwa kuacha ajira, wala asisifiwe kwa kuacha tu. Apimwe kwa maji anayokubali kuyanywa. Anayeshauri na kuondoka ameuza maneno. Anayeshauri na kubaki ameweka rehani jina lake.