Mizani ya Kuipimia Shule ya Mtaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila mwaka watoto watimiapo umri wa kwenda shule, husikika suala moja barazani, na misikitini baada ya sala, na majikoni kwa akina mama: "Shule ya serikali ya mtaani petu ni nzuri au ni mbaya?" Jawabu hutoka upesi kuliko suala. Huyu husema mbaya, kwa kuwa jirani yake amesema hivyo. Yule husema nzuri, kwa kuwa kuta zimepakwa rangi. Mwengine hutoa simu yake mfukoni, akatazama wastani wa mtihani wa darasa la saba, akakata shauri pale pale kama kadhi aliyesikia upande mmoja.

Kuihukumu shule ni kutoa hukumu kweli kweli, na hukumu ina sharti zake. Asemaye shule ni mbaya naye hajui, amemdhulumu mwalimu aamkaye alfajiri kuifuata kazi yake. Asemaye shule ni nzuri naye hajui, amemdhulumu mtoto atakayekaa humo miaka mingi akatoka mtupu. Wala dhuluma hii ya pili si ndogo kuliko ile ya kwanza.

SHARTI YA MWENYE KUHUKUMU

Dini yetu imetukataza kulifuata jambo tusilolijua, na imetuamrisha kuichungua khabari kabla ya kuitendea kazi. Hakimu hakati shauri illa baada ya ushahidi, na shahidi hashuhudii illa aliyoyaona. Basi mtu asiyepata kupita lango la shule, wala hamjui mwalimu mkuu, wala hajafungua daftari la mtoto hatta la jirani yake, yeye ni shahidi wa nini?

Huenda mtu akauliza: "Kuzitaja aibu za shule si kuwasengenya walimu?" Tutamjibu: Kusengenya ni haramu, lakini mwenye kutakwa shauri haimfalii kuficha. Imepokewa kwamba Fatima binti Qays aliposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, naye alimweleza ila ya kila mmoja wao, kwa kuwa jambo lilikuwa la maisha yake. Wanavyuoni wametoa katika hadithi hiyo kwamba yafaa kuitaja aibu kwa mwenye haja ya kuijua, na kwa kadiri ya haja hiyo. Basi jirani akikuuliza khabari za shule, mwambie uliyoyaona wala usizidishe. Na kama hukuona kitu, neno lako ni moja: Sijui.

MTIHANI WAPIMA NINI?

Hatusemi kwamba mtihani hauna maana. Mtihani ni ushahidi, na ushahidi hautupwi. Lakini shahidi huyu ni mmoja, naye ajua nusu ya kisa.

Tuchukue mfano wa shule mbili. Ya kwanza iko katika mtaa wa makarani na wafanyabiashara. Mtoto huingia darasa la kwanza akizijua herufi, na jioni yuko mtu nyumbani wa kumfundisha. Ya pili iko kwa wavuvi. Mtoto huingia hajapata kushika kalamu, na jioni hana taa wala wa kumsaidia. Mwisho wa miaka saba ile ya kwanza ikapata wastani mkubwa, na hii ya pili ikapata wa kati. Je, tumejua ni walimu wepi waliofanya kazi zaidi? Nahodha mmoja ametweka tanga na pepo za kaskazi zi nyuma yake. Mwenziwe amekwenda joshi, akipigana na upepo usiku na mchana. Aliyetangulia kutia nanga si lazima awe ndiye nahodha bora. Hatuwezi kujua mpaka tuulize kila mmoja alitoka bandari gani, na upepo wake ulikuwaje.

Wastani wa mtihani, basi, wapima vitu viwili kwa pamoja: kazi ya shule, na hali ya nyumba watokako watoto. Mwenye kuvichanganya viwili hivi amepima mchele pamoja na gunia lake. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwanzoni mwa mwaka 2023, lilieleza kwamba limeacha desturi ya kutangaza shule kumi bora. Orodha ikaondoka katika matangazo, isiondoke vichwani mwetu. Kwani matokeo ya kila shule huonekana na kila mtu, na watu huzipanga shule wenyewe.

Iko na hatari kubwa kuliko hiyo, nayo ni kwamba alama zaweza kupatikana na elimu isipatikane. Mwaka 2012 ilibainika nchini Tanzania kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, yaani waliokwisha kufaulu darasa la saba, hawakujua kusoma na kuandika. Na taasisi ya Uwezo, ilipopita majumbani mwaka 2010 kuwapima watoto kwa kisa chepesi cha darasa la pili, ilikuta wa darasa la saba wasioweza kukisoma.

Walimu wa chuoni hawatastaajabu kusikia haya. Wamjua mtoto asomaye sura nzima bila ya kukwama, na kidole chake kiko mstari mwengine. Amehifadhi sauti, hakuzijua herufi. Ndiyo maana mwalimu hodari humfungulia ukurasa asioutazamia, akaweka kijiti juu ya neno la katikati, akamwambia: "Soma hapa." Hapo ndipo ijulikanapo kweli.

WATOTO KUMI

Tukitaka mizani iliyo sawa, na tutazame yaliyopita baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624). Imepokewa katika vitabu vya sira kwamba baadhi ya mateka wa Makka hawakuwa na mali ya kujikombolea, lakini walijua kuandika. Fidia ya kila mmoja wao ikawa ni kuwafundisha watoto kumi wa Madina kuandika. Watoto wakishakuwa hodari, mateka yu huru.

Katika khabari hii mna mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba walimu wale hawakuwa Waislamu, na elimu yao ilipokewa. Basi hana hoja asemaye kwamba shule ya serikali haina kheri kwa kuwa si chuo. La pili ni kwamba kipimo hakikuwa siku alizokaa mwalimu wala mahali alipofundishia, bali ni kazi ionekanayo mkononi mwa mtoto. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kwamba hesabu ilikuwa kumi. Haikusemwa kwamba wakijua watatu walio wepesi, mateka aende zake na saba waachwe. Mtoto wa kumi, aliye mzito kuliko wote, ndiye aliyeshika ufunguo wa uhuru wa mwalimu wake.

Mizani ndiyo hiyo. Usiulize tu, "Mtoto wa kwanza amepata ngapi?" Uliza, "Mtoto wa mwisho alianzia wapi, na sasa amefika wapi?"

Na Sura ya Abasa, iliyo ya 80, imetupa funzo lililo karibu na hili. Abdullah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) kutaka elimu wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Kureshi akitumai wasilimu. Akamgeukia mbali kwa kushughulika na wale, na Sura ikashuka kulaumu jambo hilo. Ikiwa kipenzi cha Mwenyezi Mungu alikumbushwa haki ya mnyonge aliyekuja kutafuta elimu, sisi tutakumbushwaje?

Zimesikika khabari za shule ambamo mtoto mzito huwekwa nyuma asiulizwe kitu mwaka mzima, au mzazi wake hushauriwa amhamishe kabla ya mtihani ili wastani usishuke. Shule ikipata sifa kwa njia hiyo, imeipata kwa kumtupa mtoto wa kumi. Na mzazi aisifuye, akijua, ni mshirika wao.

MAMBO YA KUTAZAMWA

Mwenye kutaka kujua aende mwenyewe, siku ya kazi na si siku ya sherehe, na atazame mambo haya.

Kwanza, kusoma. Mchukue mtoto wa darasa la tatu, si yule uliyechaguliwa, umpe ukurasa asiopata kuuona. Akisoma, muulize maana yake.

Pili, madaftari. Daftari lasema kweli kuliko mdomo. Tazama kama kosa limeonyeshwa na kusahihishwa, au zimetiwa alama za vema juu ya makosa na mwalimu hakusoma.

Tatu, mahudhurio. Tazama ni madarasa mangapi yana mwalimu ndani yake saa nne ya asubuhi, na ni watoto wangapi waliokosa kuja, na kama yupo aliyekwenda kuwauliza nyumbani kwao.

Nne, fimbo. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali na kulazimishwa hujifunza uwongo na hila ili aepuke kupigwa, hatta tabia hiyo ikamganda. Utamjua mtoto wa shule kama hiyo: ukimuuliza, hutazama mkono wako kabla ya kufikiri jawabu.

Tano, choo na maji. Watu wengi huliona jambo hili dogo. Lakini msichana aliyebaleghe, asiyepata mahali pa sitara, hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Na dini iliyoanza mafundisho yake ya ibada kwa tohara haiwezi kuiita shule njema isiyokuwa na maji.

MPIMAJI NAYE APIMWE

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasibu, aliyekagua pishi na mizani za sokoni. Na vitabu vya hisba vyaeleza kwamba walimu wa watoto nao walikuwa chini ya jicho lake, wasipige kupita kiasi. Mtu huyu mmoja alikagua vipimo vya muuzaji na mwenendo wa mwalimu. Hapana ajabu, kwani kupunja ni kupunja, kukiwa katika nafaka au katika elimu.

Lakini Qur'ani imewalaumu wapunjaji kwa sifa mbili pamoja: kwao wapimiwapo hutaka kitimie, na wao wapimapo hupunguza. Tujitazame. Twataka mwalimu atimize, nasi je? Kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ada na michango ya lazima viliondolewa katika shule za msingi za serikali, na ruzuku iliyopangwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Mwenye kununua chaki na karatasi aifanyie hesabu. Kipimo kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45; na tunayajua madarasa ambayo mwalimu mmoja anao 100 na zaidi. Wengi walidhani kwamba kuondoka kwa ada ni kuondoka kwa wajibu, wakaacha hatta kuhudhuria mkutano wa wazazi. Mtu huyu akija na mizani yake kuipima shule, na aanze kujipima yeye.

Huenda akauliza muulizaji: "Mtoto wangu ni amana yangu. Nikiona shule ni dhaifu, na nina uwezo wa kumpeleka kwengine, je, nina dhambi nikimhamisha?" Tutamjibu: Huna dhambi kwa kumhamisha. Mtoto si sadaka ya kutolewa ili wengine wafaidi. Lakini tazama yafuatayo baada yako. Aondokaye kwanza ni mwenye sauti, ajuaye kuandika barua na kusimama mkutanoni kuuliza fedha zimekwenda wapi. Wanaobaki ni mtoto wa mjane, na yatima, na mtoto wa mchukuzi wa bandarini, ambao mama zao wakiingia ofisini husubiri mlangoni. Shule iliyokuwa dhaifu kwa sababu moja imekuwa dhaifu kwa mbili.

Kuwafundisha watoto wa mtaa ni faradhi ya kutosheleza, kama kumwosha maiti na kumzika. Wakifanya wengine, wajibu huwaondokea wote. Wakiacha wote, wote wana dhambi, na aliyehama hakutoka katika hesabu kwa kuwa tu maiti si wa nyumbani kwake. Mwanao akiwa huko, wewe bado ni mtu wa mtaa huu. Hudhuria mkutano. Kubali kuingia katika kamati ya shule. Boma la darasa likisimama pasina bati, uliza kwa nini. Mtoto wa jirani akiwa hajui kusoma, mkalishe barazani na mwanao jioni.

HATIMA

Shule ya mtaa haistahiki kusifiwa kwa upendeleo wala kulaumiwa kwa uvivu. Yastahiki kuendewa na kutazamwa, na kusemwa kweli mbele ya wenyewe kabla ya kusemwa nyuma yao. Mwalimu aliyemchukua mtoto asiyejua alifu akamfikisha kuisoma barua ya baba yake aliye safarini, huyo ametenda jambo kubwa, ijapokuwa shule yake haitajwi popote. Na shule yenye kusifiwa mji mzima, iliyomwacha mtoto wa kumi nyuma ya mlango, bado haijamaliza fidia yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie insafu katika tunayoyasema na juhudi katika yanayotupasa. Naye ndiye ajuaye zaidi.