Je, nani aweza kuuza kinyago?

Wapendwa wakatekumeni, tuseme mgeni amefika kijijini kwako. Amezunguka nchi nyingi akitafuta vinyago, zile sura za mti wanazovaa wachezaji siku ya matanga, ao siku vijana wanapotoka tohara. Anakuonyesha feza, anataka kinyago kilichomo nyumbani mwa mjomba wako. Nawe unawaza moyoni: «Mimi nasoma dini, ngoma ile siiendei tena. Nitakiuza, ninunue mabati.» Je, wafanya vema?

Leo sisemi juu ya ngoma, nasema juu ya kuuza. Kitu hakiwi chako kwa sababu umeacha kukitumia. Wazee walipatana kinyago kichongwe, na mjomba anakitunza tu, kama vile mtu mmoja anavyotunza ufunguo wa kanisa. Je, mwenye ufunguo aweza kuuza kalisi?

Wengine watajibu: «Lakini mgeni atalipa!» Tazameni jambo lililotokea mwaka 1931 katika kijiji cha Kemeni, nchi ya Mali, iliyotawaliwa wakati ule na Wafaransa. Wataalamu wa Ufaransa, wakiongozwa na Marcel Griaule, walikuwa wakivuka Afrika toka Dakar hata Djibouti, wakikusanya vinyago na vitu vingine vya kupeleka Paris. Huko Kemeni walitaka vyombo vitakatifu vya chama cha Kono. Wenyeji walisitasita. Basi wageni wakamwambia mkuu wa kijiji apokee franka 10 na kuvitoa. Asipokubali, askari waliojificha ndani ya gari watamkamata. Garini hamkuwa na askari. Aliyeandika haya ni mmoja wao, Michel Leiris, katika kitabu alichokitoa mwaka 1934.

Feza inayopokelewa kwa hofu si bei hata kidogo. Ni kitambaa cha kufunika wizi.

Na sisi wa misioni tusijione safi: wako mapadre waliochoma vinyago, na wengine waliovipeleka Ulaya.

Tarehe 8 Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, jina lake Kakuungu, kilichotumika katika tohara ya vijana. Kilikuwa kimekaa miaka mingi katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Alikikabidhi kama kitu cha kuazimwa, bila kikomo cha siku. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini neno lile «kuazimwa» lilinikaa kooni. Jirani akikuletea jembe la baba yako na kusema anakuazima, utamjibuje? Tena Kinshasa si kijiji cha Wasuku. Wazee wao nao wana neno la kusema.

Sasa rudi kwa mgeni wako, maana bado anangoja mlangoni, mfuko wa feza mkononi. Mpe maji ya kunywa na mahali pa kulala. Kisha nenda ukamwite mjomba, naye awaite wazee, hata wale wasiopenda dini yako.