Adabu ya Kikapu na Amri ya Serikali

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 11 kabla ya Kenya na 13 kabla ya Tanzania Bara. Kenya ilipoifuata, Agosti 2017, ilitangaza faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Amri hizo hazikuwa upuuzi, wala tusizibeze: mtaro uliozibwa na taka za mtaa mzima hauzibuliwi na wema wa mtu mmoja, na masika hayamsubiri mtu. Hata hivyo zimetuachia swali ambalo mahakama haiwezi kulijibu. Aliyeuacha mfuko kwa kuogopa faini, na yule ambaye hakuuhitaji tangu hapo, je, wametenda jambo moja?

Mbele ya sheria, naam, wamelingana. Lakini hebu tumtazame huyo wa pili, bibi wa shamba mwenye minazi yake. Makuti makavu huezekea banda. Makumbi huzikwa katika mchanga wa pwani unaofikiwa na maji, yakakaa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, na nyuzi zake zikasokotwa kamba. Kifuu huwa upawa au kata, na kisichofaa kitu huingia mekoni. Tui huchujwa kwa kifumbu, machicha wakapewa kuku. Na kuti bichi ndilo pakacha: husukwa kwa muda wa soga moja, likabeba maembe au samaki mpaka mjini, na likishachoka hutupwa shinani, likaoza na kuurudia mnazi. Hakuna katika hayo lililoitwa hifadhi ya mazingira. Neno hilo, kwa maana tunayoipa leo, limetujia pamoja na ofisi zake.

Hapa mpinzani ana haki ya kutukatiza. Atasema kwamba tunausifu uhaba na kuuita uadilifu; kwamba asiye na gari hastahiki sifa kwa kutochafua hewa. Pingamizi hilo ni zito, nami sioni haya kulikubali kwa sehemu yake kubwa. Hakika hakuna linalokera zaidi ya kumsikia mtu aliyeshuka katika gari la kiyoyozi akiusifu umaskini wa wenzake, tena katika warsha ambayo mbele ya kila kiti imesimamishwa chupa ya plastiki ya maji.

Lakini uhaba na adabu hutenganika penye wingi. Mizani yake tunayo katika mafundisho ya udhu: mtu hukatazwa israfu ya maji hata akiwa anatawadha kando ya mto unaotiririka. Zingatia, msomaji, kwamba mto ule hautapungua kwa viganja vyake. Angemwaga asubuhi kutwa, wa chini yake wasingeona tofauti. Basi kinacholindwa pale si maji. Ni namna ya mtu kuchukua kitu ambacho hakukiumba.

Kwa mizani hiyo wengi wetu tumeanguka. Siku mfuko wa bure ulipoingia dukani, vikapu vilitundikwa ukutani bila hata ya kuagwa, jambo linaloonyesha kwamba kwa wengi kikapu kilikuwa ulazima tu. Wengine, wenye nacho, hawakukitundika. Wako mpaka leo, nao hawakungojea tangazo.

Sera haiwezi kuwatambua watu hawa, kwa sababu sera huhesabu kilichokatazwa. Bara, marufuku ya Juni 2019 ilileta ile iliyoitwa mifuko mbadala, laini kama kitambaa. Mingi yake ni ya polipropilini, ambayo nayo ni plastiki kwa jina jingine. Amri ilitiiwa. Mkono haukubadilika: ulipokea, ukabeba, ukatupa. Kilichobadilika ni kitu kilichomo mkononi. Sisemi sheria ingeweza kuuadibisha mkono, la hasha. Nasema ilikuwapo mikono iliyokwisha kuadibika, nayo haikuulizwa neno.

Miongoni mwayo ni ya wasukaji. Kikapu cha ukili si kazi ya soga moja kama pakacha. Miyaa hukatwa, ikaanikwa, ikachanwa chane, nyingine zikatiwa rangi. Husukwa ukili pima baada ya pima, ndipo ukashonwa. Mfuko mbadala hutoka kiwandani kwa maelfu kabla ya mwanamke huyo hajamaliza ukingo. Akija mnunuzi sokoni hulipa bei ya mfuko kama alivyotajiwa, akageuka kwa msukaji na kumwambia, "Punguza, bibi, majani haya si yanaota yenyewe?"