Jumanne: Mezani pa Mfalme, na Miguu Ile Ile

Soma 2 Samweli 4:4, 9:1–13, 19:24–30. Ni nini kilichobadilika katika maisha ya Mefiboshethi alipoletwa Yerusalemu, na ni nini ambacho hakikubadilika?

Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 yaya wake alipokimbia naye. Akaanguka, akawa kiwete. Miaka mingi baadaye Daudi alimwita kutoka Lo-debari, akamrudishia mashamba ya Sauli na kumketisha mezani kama mmoja wa wana wa mfalme. Ajabu ni jinsi sura ya 9 inavyomalizika: baada ya habari za meza, msomaji anakumbushwa tena kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa na kilema. Neema ilimfikia; miguu haikupona.

Daudi alipomkimbia Absalomu, Mefiboshethi hakuonekana miongoni mwa waliomfuata. Siba akasema amebaki akiutazamia ufalme, na mfalme akaamini papo hapo (2 Samweli 16:3, 4). Baadaye Mefiboshethi alieleza kwamba alitaka kutandika punda aende, lakini mtumishi wake akamdanganya. Mtu asiyeweza kwenda bila msaada ni rahisi kusingiziwa. Hayupo kujitetea.

Mwenye ugonjwa wa Parkinson, au aliyebaki na udhaifu wa upande mmoja baada ya kiharusi, huenda asionekane mgonjwa akiwa ameketi kanisani. Shida huanza kusanyiko linapopiga magoti, kwa maana kuinuka bila cha kushikilia ni hatari. Siku ya kutawadhana miguu, kuinama juu ya beseni humtisha. Akitoka kwenye ibada ya Ijumaa jioni, giza humpepesusha, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yakiusaidia mwili kusimama wima. Wapita njia humdhania amelewa, kama Eli alivyomdhania Hana. Na kwa Mwadventista hilo si jambo dogo! Basi Sabato nyingine hubaki nyumbani, na huko kanisani husemwa kwamba amepoa kiroho. Pengine hata ameombewa apone, kisha akatazamwa kama mwenye imani haba kwa kuwa bado anatembelea fimbo. Sura ya 9 haimdai Mefiboshethi kitu kama hicho kabla ya kumpa kiti.

Je, kuna mshiriki wa kundi lenu ambaye kutokuwepo kwake kumesemewa bila yeye mwenyewe kuulizwa? Ni nani atakayekwenda kumwuliza kabla ya Sabato ijayo, na ni nani atakayemtandikia punda?