Ramadhani, siku ya 12: Nilipima kiti, sikumpima mtu



Leo nina swali moja tu. Ukimpa mtu kitu kwa nia safi, na kitu chenyewe kisimfae, umempa nini?

Nawauliza kwa sababu mimi mwenyewe limenikuta. Mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, tuliamua nyumbani kwangu kumshonea mito maalim wangu, mzee aliyenifundisha alifu na bee. Ana kiti chake cha mninga chenye mikono, hapo ndipo anaposomea Qur'ani kutwa nzima. Mbao tupu, na juu yake alikuwa akikunja kikoi mara nne na kukikalia. Nikasema, haiwezekani, mzee wetu akalie kikoi Ramadhani yote!

Nikaenda na futi ya fundi, nikapima kiti: sentimita 45 kwa 45. Binti yangu akakata kitambaa cha makochi, akaacha nafasi ya mshono, akakaa kwenye cherehani usiku tatu. Mama yake akachambua sufi, akatoa mbegu zote. Mimi kazi yangu ikawa kujaza. Nikajaza, nikashindilia, mpaka mto wa kukalia ukavimba kama andazi. Tukashona na wa mgongo. Kwa kweli vilipendeza. Maalim alipopokea alituombea dua ndefu, akasema, "Mto mzuri sana, mwanangu." Tukarudi nyumbani tumejaa furaha.

Siku ya 10 ya Ramadhani nikapita kwake bila taarifa, nimebeba kidumu cha uji. Mlango ulikuwa wazi. Nikabisha hodi, na kabla sijajibiwa nikamsikia mjukuu wake akipiga kelele ndani: "Babu, mito! Ustadhi kaja!" Nikaona mtoto anakimbia kutoka chumbani amekumbatia mito miwili, na mzee anajikongoja kuinuka kitini ili iwekwe. Juu ya kiti palikuwa na kile kikoi, kimekunjwa mara nne.

Nilitamani ardhi inimeze. Maalim akacheka taratibu, akasema, "Mto mzuri. Miguu yangu ndiyo mifupi."

Kumbe ule mto ulimwinua mno, nyayo zikawa hazigusi chini. Wa mgongo ukamsukuma mbele, akawa anakaa ukingoni. Mikono ya kiti nayo ikawa chini sana, hana pa kujiegemeza akitaka kusimama. Basi akawa anauweka pembeni, na tukija anaurudisha, tusivunjike moyo. Mto uliotakiwa umbebe yeye, yeye ndiye akawa anaubeba.

Hakusema uongo, maana mto ulikuwa mzuri kweli. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alitufundisha jirani asiidharau zawadi ya jirani yake hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Maalim alilitimiza fundisho hilo mpaka likamuumiza magoti. Sasa niambie, kati yangu na yeye, nani alikuwa mtoaji?

Utasema: Ustadhi, si amali huangaliwa nia? Naam, na ujira uko kwa Mwenyezi Mungu, siuingilii. Lakini nilipojikagua niliona nia yangu ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja nilitaka mzee apumzike. Cha pili nilitaka wageni wake waulize, "Mito hii kashona nani?" Chumba hicho cha pili ndicho kilichoshindilia sufi. Nia iliyotulia humtazama mtu kwanza. Na mzee alikuwa ameshaniambia kila kitu bila kufungua mdomo: kikoi, mara nne. Unene anaoutaka ulikuwa mbele ya macho yangu, nami nikapima mbao.

Wapo wanaoogopa kuuliza, eti utamwaibisha mtu au utaharibu raha ya zawadi. Ni kweli, kuna kuuliza kunakodhalilisha. Humwiti mtu mbele ya jamaa ukamwambia, "Una shida gani nikusaidie?" Lakini unaweza kukaa naye saa moja ukaangalia anavyokaa, anavyokula, anachokwepa. Unaweza kumuuliza mjukuu. Aibu ya swali la upole huisha palepale. Zawadi isiyofaa hukaa ndani ya nyumba ya mtu miaka, na kila ukija anailipia kwa tabasamu.

Itazame Ramadhani yetu. Tunampelekea mgonjwa wa sukari kilo mbili za sukari. Tunamnunulia yatima viatu vya Idi kwa kukisia, vinambana, anavivaa kwa sababu ya macho yetu. Halafu tunapiga picha. Katika Suratul Baqara, aya ya 264, Mwenyezi Mungu anatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Mimi sikumsimbulia maalim kwa neno lolote. Lakini tujiulize: mtu anayelazimika kuifurahia zawadi yako kila akikuona, hujamtwisha kitu?

Jioni ile nilirudi na mito kwapani. Binti yangu alinung'unika kidogo, akafumua. Tukatoa sufi zaidi ya nusu, tukashona kamba mbili pembe za nyuma za kufungia kwenye kiti, usiteleze. Safari hii tulimpima maalim mwenyewe akiwa amekaa, kutoka nyuma ya goti mpaka sakafuni. Mto wa mgongo tulimwachia mjukuu, analalia. Ule wa kukalia umekuwa mwembamba, hauna sura ya kusifiwa. Umechakaa sasa, kwa kukaliwa.

Kazi ya leo ni ndogo. Chagua zawadi moja uliyonuia kuitoa kabla ya Idi. Kabla hujanunua, kabla hujakata kitambaa, nenda kwanza ukamtazame mwenyewe.

Ewe Mola, tutakabalie funga zetu, utusamehe tulichotoa kwa ajili ya macho ya watu, na uwalipe kheri wale waliotustahi wakapokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.